Karai la Vyura

Mwezi uliopita binamu yangu alikuwa ananitoa Mugumu kunipeleka kwetu Nyamwaga kwa pikapu yake. Gari lenyewe limechoka, mlango wa upande wangu umefungwa kwa kamba ya katani, lakini indiketa nzima. Tulipofika njia panda akaiwasha, ikaanza kulia tik… tik… tik, taratibu. Nikamwambia azime. Akanitazama kama mtu aliyeona mgonjwa. "Dada, nikate kona bila indiketa, bodaboda ikitugonga utanizika wewe?" Nikageukia dirishani. Puani nilikuwa tayari nasikia harufu ya maji yaliyolala kwenye karai: matope, kutu na vichwa vya dagaa.

Mlio ule naujua tangu nikiwa darasa la tatu. Ndivyo anavyolia chura jike chini ya maji akikamatwa na dume. Chekeni tu, nimeshazoea. Pale kijijini waliniita Mama Vyura mpaka nilipoondoka, na wapo wazee wanaoniita hivyo hadi leo, mimi na mvi zangu.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu kwetu. Walishuka kutoka kila upande, sururu begani, sufuria mgongoni. Migomba ya Bibi ilikuwa kando ya njia ya kwenda machimboni, na yote iligeuka myeupe kwa vumbi la mawe. Ukikata jani la kufunikia ugali unalipiga kwanza gotini ndiyo litumike. Mashine za kusagia mawe, karasha, zilinguruma ng'ambo ya kijito kutwa nzima, na watu wa kwetu tukazoea kupiga kelele hata tukiwa kanisani. Mama yangu alikuwa Musoma akiuza mitumba, kaniacha kwa Bibi. Na Bibi, alipoona wachimbaji wanatafuta pa kulala, akasimamisha vibanda viwili uani akaanza kupangisha.

Mpangaji wa kwanza alikuwa Masanja, kijana wa kutoka Geita, mrefu, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Ndiye aliyenipa karai. Lilikuwa la kuoshea mchanga wa dhahabu, likatoboka, akaziba tundu kwa kipande cha ndala alichokiyeyusha motoni. Kesho yake akaja na vyura ndani ya galoni lililokatwa mdomo. Aliwatoa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ambalo wenyewe walilikimbia likajaa maji ya mvua. "Mjukuu wa Bibi," akaniambia, "nimekosa dhahabu, shika hawa." Alikuwa ananiambia mimi, lakini macho yake yalikuwa jikoni, kwa Ghati.

Hawakuwa vyura wale wa kurukaruka uani. Hawa ni wa majini kabisa, bapa kama waliokaliwa, macho madogo yanatazama juu, kucha nyeusi kwenye miguu ya nyuma. Ulimi hawana. Ukiwatupia mnyoo au kumbikumbi wanasukumia mdomoni kwa mikono yote miwili, kwa pupa, kama watoto kwenye sinia la msibani. Jike alikuwa mkubwa, wa kujaza kiganja changu. Madume yalikuwa madogo, membamba, na mvua zilipokaribia mikono yao kwa ndani iligeuka myeusi kama waliochovya kwenye masizi. Ukitia sikio ubavuni mwa karai unawasikia wakiimba chini ya maji, mfano wa mtu anayekwaruza kitana kwa ukucha. Nilikaa pale kwa saa nzima nzima. Ndama wa Bibi waliingia mahindi ya watu kwa sababu ya vyura wale, na bakora nilizokula kwa ajili yao nazikumbuka zaidi ya hesabu nilizofundishwa.

Sasa niwaeleze Ghati alikuwa nani. Kwetu, mwanamke mwenye ng'ombe ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa mahari, analeta mke nyumbani, na watoto atakaowazaa mke huyo wanakuwa wa nyumba ile na wanabeba jina la mwenye nyumba. Tunaita nyumba ntobhu. Mwanaume aliyezaa naye hana lake pale, kapita tu. Na msianze kuniangalia hivyo. Nimeona nyumba za namna hiyo zenye vicheko kuliko za baba na mama, mke anachagua mwenyewe mtu wa kuzaa naye, na mama mwenye nyumba hata haulizi. Kwa hiyo lawama zangu sizipeleki kwa mila. Nazipeleka kwa Bibi, Mungu amrehemu, kama anaweza.

Bibi alizaa mabinti watupu, mama yangu akiwa wa mwisho. Ng'ombe alikuwa nao wazuri sana. Akampata Ghati, mwanamke mtu mzima, mpole, aliyekuwa amechelewa kuolewa kwa kumuuguza mama yake. Ghati alisaga ulezi kwenye jiwe huku akiimba, na unga wake ulikuwa laini kuliko wa mashine. Nilitakiwa nimwite mama. Nilimwita Dada Ghati naye akaitika, tukawa marafiki.

Bibi hakuwahi kunikataza vyura. Tena aliwapenda kuliko nilivyowapenda mimi. Jioni jua likipoa alileta kigoda chake, anakaa miguu kapanua, kikopo cha ugoro mkononi, anatazama karai kama watu wa sasa wanavyotazama mpira. Dume likimrukia jike na kumkumbatia kiunoni, Bibi anapiga paja. "Ehee! Umemwona huyo? Mura kweli kweli!" Mura kwetu ni kijana wa kiume, shababi. Likiteleza likaanguka, Bibi anasonya. "Toka hapo, mzembe."

Siku moja dume lilimshika jike na jike akanyoosha miguu ya nyuma, ikakakamaa, mwili mzima ukatetemeka. Nikatia sikio kwenye karai. Tik… tik… tik. Nikaruka kwa furaha. "Bibi, jike naye anaimba!"

Ghati alikuwa anapita na kuni. Akaziweka chini, akainama, akasikiliza kidogo. "Haimbi," akasema. "Huyo anakataa. Mtoe dume, ametamka kwamba hataki."

"Vyura hawatamki, Dada Ghati."

Na kweli, jamani, dume likamwachia. Likakaa pembeni kidogo, likiwa limefura mashavu. Jike akaogelea. Akaenda akagonga ukingo wa karai, akazunguka, akagonga tena, akarudi palepale dume lilipokuwa. Likamrukia upya. Tik… tik… tik. Likaachia. Akazunguka. Likamrukia.

"Mtoe basi," Ghati akasema tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Bibi akavuta ugoro, akapiga chafya, akafuta macho. "Mwache. Atazoea. Karai lenyewe hilo, aende wapi?" Akacheka mpaka mabega yakacheza. Mimi nikacheka pia, kwa sababu kicheko cha Bibi kilikuwa kinaambukiza. Ghati akabeba kuni zake.

Masanja alianza kumtongoza Ghati mchana kweupe, kila mtu anaona. Hakuwa na maneno mengi. Anarudi machimboni mweupe kwa vumbi, ananawa, halafu anaokota shoka na kupasua kuni za Ghati bila kuombwa. Akipata kidogo analeta kipande cha sabuni ya kunukia, anakiacha juu ya jiwe la kusagia, anaondoka kana kwamba amekisahau. Ghati naye akaanza kumwekea maji ya moto. Nyimbo zake za kusagia zikawa za haraka haraka. Alinong'ona nami siku moja: "Nikizaa, nataka mtoto acheke kama yule." Hilo tu ndilo alilotaka. Hakutaka kuikimbia nyumba ya Bibi. Alitaka awe yule, asiwe mwingine.

Bibi naye angekubali, nadhani, kama Masanja angefunga mdomo. Lakini alikuwa mgeni, hakujua mambo yetu. Akaenda kwa Bibi na heshima zake zote, akapiga magoti: shikamoo bibi, naomba niwe nakaa hapa, nijenge kibanda cha kudumu, nimlee mtoto Mungu akijalia. Alifikiri anajipendekeza. Kumbe kwa masikio ya Bibi alikuwa ametamka wizi. Mwanaume wa kazi ile anatakiwa aje, aondoke, asijulikane. Ndiyo maana Bibi aliwapenda wachimbaji: leo wapo, dhahabu ikisikika kwingine wamehama, hakuna wa kuja kusema mtoto ana pua yangu. "Huyu anataka kulea," Bibi alimwambia jirani kwa uchungu, kama anayesema huyu ana ukoma. Siku ileile Masanja akatupiwa blanketi lake nje.

Kwenye kibanda chake akaingia mwenye karasha. Mwanaume wa makamo, mnene, mwenye mke na watoto Sirari, mikono myeusi kwa oili hadi kwenye viwiko. Bibi alimchinjia jogoo. Alipokuwa ananawa, Bibi akanikonyeza, akanong'ona, "Umeiona mikono? Kama ya madume yako." Nikacheka hadi nikapaliwa. Ghati alileta ugali, akauweka chini, akasimama wima mbele yao. Akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeeleza chumvi imekwisha:

"Mama, huyu simtaki."

Mwenye karasha akatazama nyama yake. Bibi akamega tonge. "Atazoea," akamwambia mgeni, akimwomba radhi.

Zikapita siku kadhaa za namna hiyo. Ghati alikuwa anasema, hakunyamaza hata mara moja, nataka mlijue hilo. Alisema akiwa kisimani, alisema mbele ya wanawake wa kanisani, alimwambia hata mwenye karasha mwenyewe, ambaye alijibu kwamba yeye hana haraka. Wote walimsikia na wote walimhurumia. Mmoja alimpa mayai.

Halafu asubuhi moja jiwe la kusagia lilikuwa kimya. Ghati alikuwa ameondoka na Masanja. Mimi nilifurahi kimya kimya, nikawapa vyura kumbikumbi wengi. Nilitegemea Bibi apige yowe, lakini wapi. Aliketi, akanywa uji wake, akanituma kwa Marwa.

Marwa alikuwa kaka yake Ghati, baba mmoja mama mmoja. Ng'ombe ambao Bibi alitoa kwa ajili ya Ghati hawakukaa hata msimu mmoja kwenye boma lao. Walitoka kwenda kumwolea Marwa mke, na mke huyo alikuwa tayari na mimba kubwa. Ghati akiondoka, Bibi anadai ng'ombe wake. Marwa awatoe wapi? Kwa wakwe zake, na mke arudi kwao na tumbo lake. Nilipompa ujumbe alikuwa anakamua. Akamaliza kukamua, akavaa shati.

Mchana wa siku ya pili alirudi naye. Alikuwa amemshika kifundo cha mkono, bila fujo, kama unavyomvusha mtoto barabara. Ghati alikuwa na kiatu kimoja. Marwa akasema, "Shikamoo mama," akakaribishwa kigoda, akapewa uji, akasimulia huku anapuliza. Aliwakuta stendi ya Tarime, basi la Mwanza limewashwa, limejaa.

"Na yule mwenzake?" Bibi akauliza.

"Alipanda. Nafasi ilikuwa moja." Marwa akacheka. "Mimi hata sikumgusa. Nilipomshika huyu, yule alitazama mlango wa basi, akamtazama huyu, konda akapiga bodi, akapanda. Alikuwa analia lakini, siwezi kumsingizia."

Bibi akacheka pia, akampa Marwa ndizi za kupeleka kwa mkewe. Ghati alikuwa amesimama palepale alipoachiwa mkono. Mwenye karasha alitoka kibandani, akawasalimia, akarudi ndani akaacha mlango wazi.

Wiki ile mvua ilinyesha kweli kweli. Asubuhi nilikuta jike amenyamaza. Dume lilikuwa limemkumbatia kiunoni na yeye hakunyoosha miguu wala hakulia; alikuwa anaogelea nalo polepole, akishika majani, na kwenye kila jani akibandika yai, moja moja, madogo kama mtama uliochekechwa. Nikakimbia kumwita Ghati. Alikuja kwa hatua za mtu mgonjwa. Tukachuchumaa pamoja. Nilimwambia, "Unaona? Amezoea."

Tulipokuwa tunatazama, dume likaachia. Jike akapumzika kidogo chini. Halafu akageuka, akaenda kwenye jani la kwanza, akalichuma yai kwa mdomo, akameza. Akaenda la pili. Alikuwa anasukuma kwa mikono yote miwili, kama anavyokula minyoo. Madume nayo yakaja yakasaidia. Nilipiga kelele, nikaanza kulia, nikawa natia vidole majini kuokoa mayai, yakawa yanapasukia mkononi mwangu.

Ghati akazamisha mkono, akalikamata lile dume, akalitazama usoni. Kisha akalirushia kuku. Kuku wa Bibi hawakuwa na haraka. Waliligombania kwanza, wakaliburuta kwenye vumbi jeupe, mmoja akashika mguu, mwingine mguu, na lenyewe likawa linafumbua mdomo usio na ulimi. Ghati alitazama hadi likaisha. Akafuata la pili. Nilimshika sketi nikimsihi, akanitoa kwa upole, kidole baada ya kidole. Jike alimwacha ndani ya karai. Kisha akaenda kwenye jiwe, akaanza kusaga, na tangu siku ile sikumsikia tena akiimba.

Alizaa mtoto wa kiume. Bibi alichinja, akacheza hadi kilemba kikamtoka, akampa mtoto jina la nyumba. Mwenye karasha alishahama zamani. Baadaye Ghati alizaa mabinti, kwa wanaume ambao sikuwahi kuuliza majina yao, na Bibi akafa akiwa ameridhika. Kijana yule, mwenye kicheko cha kukunja pua kisichofanana na cha mtu yeyote, aliingia duarani alipopata nguvu za kushika sururu. Udongo ukamfunika. Walimtoa baada ya siku nzima, mweupe mwili mzima.

Na sasa nirudi kwenye pikapu. Tulikuwa tunakwenda kwa Ghati kwenye sherehe. Ghati ni bibi wa watu sasa, mnene, mwenye jino la dhahabu pembeni mwa mdomo, na boma limejaa ng'ombe wa mahari ya mabinti zake. Mtoto wa kiume hana. Kwa hiyo ameoa.

Bi harusi nilimkuta ananawisha wageni mikono. Mwanamke mzima, pengine alikuwa na miaka ishirini na mitano, kanga mpya, macho yamevimba. Aliponifikia akamwaga maji taratibu sana ili akae karibu. "Shikamoo dada. Mmetoka Mugumu? Mnarudi leo?" Nikamwambia tunarudi. Akatazama pikapu. "Gari lina nafasi?"

Ghati alisikia na kuelewa, kwa sababu hata yeye aliwahi kuuliza hivyo, stendi ya Tarime. Nikamgeukia, nikamwita kwa jina la zamani. "Dada Ghati. Huyu hataki. Si unamsikia?"

Akanitazama. Kwa dakika ile nilimwona yule aliyeweka kuni chini akainama kusikiliza. Kisha jino likang'aa. "Nimemsikia, Mama Vyura. Atazoea."

Utotoni nilidhani jambo la kujifunza pale kwenye karai lilikuwa maana ya ule mlio. Lakini maana yake hata dume lilikuwa linaijua. Ndiyo maana liliachia kila mara. Bwawani, jike akisema tik, dume likiachia, yeye anaogelea anakwenda zake, na mambo yanaishia hapo. Bibi alilijua hilo kuliko sisi sote, na alilisema waziwazi akiwa anacheka: aende wapi? Ghati alisema hapana hadi sauti ikamkauka. Alichokosa ni bwawa, na sasa amepata karai lake mwenyewe.

Nilimwambia binti yule, mbele ya wote, kwamba nafasi ipo. Hata kiti cha mbele nitampa. Wageni wakageuka na nyama mikononi. Akaweka jagi chini, akapiga hatua mbili kuelekea kwenye gari, halafu akasimama, akatazama njiani. Kaka yake alikuwa ndiyo kwanza anatoka na ng'ombe wake wapya wa mahari, anawaswaga polepole kuelekea kwao, anapiga mluzi. Akawatazama ng'ombe wale hadi wa mwisho akapinda kona. Akaokota jagi, akaenda kwa mgeni aliyefuata.

Tuliondoka wawili. Mbele kidogo tukamkuta yule kaka, ng'ombe wamejaa barabara nzima. Akatusogezea wanyama kwa adabu, akainua mkono, akanisalimia shikamoo. Binamu yangu akawasha indiketa ili ampite.